IST ya Miaka Ishirini: Unanunua Gari au Unanunua Namba?

Matangazo ya kuuza IST jijini Dar es Salaam ni kama yameandikwa na mtu mmoja. "IST namba E, AC kali, injini safi, haidaiwi, maongezi yapo." Msomaji anapewa herufi ya namba ya usajili kabla hajaambiwa hata rangi ya gari, na mwaka wa kutengenezwa mara nyingi hautajwi. Dalali akibanwa atasema, "Ya elfu mbili na nne hivi, ila namba mpya bosi wangu," kana kwamba hilo la pili linafuta la kwanza. Na wanunuzi wengi wanalikubali. Bei ya IST mtaani hupanda ngazi kwa herufi: C chini, D katikati, E juu.

Herufi hiyo inaeleza jambo moja tu, kwamba gari lilisajiliwa Tanzania lini. Haisemi lilitengenezwa lini, limetembea kiasi gani, wala limetunzwaje. Kwa gari lililokwisha kutimiza miaka ishirini, kitu cha kulipia ni matunzo, hasa oili ya injini na maji ya rejeta katika miaka liliyokaa hapa kwetu. Soko halina namna rahisi ya kuyaona hayo, kwa hiyo limejishikiza kwenye kinachoonekana kutoka mbali.

Toyota ilianza kuiuza IST nchini Japani mwaka 2002, ikiwa imejengwa juu ya msingi wa Vitz, na toleo hilo la kwanza likaendelea hadi 2007. Marekani liliuzwa kwa jina la Scion xA. Namba ya chasisi inakwambia umeshika ipi: ikianza na NCP60 injini ni 2NZ-FE ya cc 1,300, NCP61 ni 1NZ-FE ya cc 1,500, NCP65 ni hiyo hiyo ya cc 1,500, lakini inaendesha magurudumu yote manne. Gia ni otomatiki za hatua nne, na mita zimekaa katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva. Toleo la pili, lililoanza 2007, ni pana zaidi na lina hesabu zake, zikiwemo baadhi zenye gia za CVT ambazo ukizitilia oili isiyo yake umeziua. Hapa nalizungumzia la kwanza, maana ndilo linalonunuliwa na familia inayopata gari kwa mara ya kwanza.

Kati ya hizo tatu ningechukua NCP61. Hiyo ya cc 1,300 inatosha kwa mtu wa Mbezi anayekwenda Posta na kurudi, lakini ijaze watu watano na mabegi, uwashe AC, uelekee Lushoto au upande Kitonga, na utaisikia inavyolia. Injini inayolazimishwa kila siku haiokoi mafuta kama watu wanavyodhani. NCP65 inavutia kwa jina la "four wheel", lakini ni mzigo: ina shafti ya kwenda nyuma na difu ya nyuma, vitu viwili zaidi vya kuharibika, na haikunyanyuliwa kiasi cha kukutoa kwenye tope la Kigoma wakati wa masika.

Kwa nini gari la zamani hivi lina bei kubwa hivi? Jibu liko bandarini. Kwa viwango vilivyozoeleka Tanzania, gari dogo lililotumika lenye zaidi ya miaka kumi hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000, kisha asilimia 30 ya uchakavu, halafu VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo. Chukua gari lenye thamani ya 100 likifika bandarini. Ushuru wa forodha unalifikisha 125, ushuru wa bidhaa na uchakavu unalipeleka karibu 169, na VAT inalimaliza kwenye 199, kabla ya tozo ndogo ndogo na wakala wa kulitoa. Kodi peke yake imefikia bei ya gari. Tena thamani hiyo Mamlaka ya Mapato, TRA, haiichukui kwenye ankara yako ikaridhika. Ina mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika.

Ndiyo maana IST iliyoko mtaani haishuki bei kama umri wake unavyotaka. Mwenye nalo anajua kwamba anayeagiza jingine leo atailipa kodi hiyo upya, basi anaiweka ndani ya bei yake. Japani mambo yako kinyume. Huko gari hukaguliwa likiwa na miaka mitatu na kisha kila baada ya miwili, kwa gharama ambayo si ndogo, na gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka hupandishwa. Mjapani anasukumwa kuliachia. Sisi tukishalipia bandarini hakuna anayetusukuma. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 na makusanyo yakahamishiwa kwenye mafuta. Gari la mwaka 2003 na la mwaka 2018 yakisimama kituo kimoja yanalipa sawasawa kwa lita. Gari linaendelea kuishi mpaka life lenyewe, na linapokaribia kufa ndipo linapopewa rangi mpya na kupelekwa sokoni.

Sasa rudi kwenye namba. Chukua IST mbili, zote za 2004. Ya kwanza iliingia nchini ikiwa na miaka minane ikapewa namba C. Ya pili ilibaki Japani ikaingia ikiwa na miaka kumi na tisa, ikapewa E. Mtaani ya pili ni ghali kwa mbali. Kuna sababu ya haki: miaka kumi na tisa ya lami nzuri na ukaguzi wa lazima si sawa na miaka kumi na zaidi ya matuta na vumbi. Lakini raba hazijui ziko nchi gani. Mabomba ya maji, bushi, sili za injini na mikanda vimekauka kwa umri. Gari lililosimama Japani muda mrefu likisubiri mnunuzi huanza kuvuja miezi michache baada ya kupelekwa kwenye foleni ya Ubungo yenye joto. Na kama lilikaa kaskazini, Hokkaido au Tohoku, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, chini kunaweza kuwa na kutu ambayo juu huioni.

Ile ya namba C kama ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Morogoro aliyebadilisha oili kwa wakati na kuweka risiti kwenye droo ya gari, mimi naichukua na chenji nabaki nayo. Kama imepita mikono sita, hapana.

Kilomita zina ushahidi wake, ingawa si kwenye dashibodi. Tangu 2004 cheti cha ukaguzi cha Japani huandikwa kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi, na magari mengi hupita mnadani na karatasi inayoonyesha daraja na michoro ya mikwaruzo. Herufi R kwenye nafasi ya daraja ina maana gari lilikwishapata ajali ikatengenezwa. Aliyeagiza mwenyewe huwa bado ana nakala ya karatasi hizi kwenye simu au barua pepe. Mwombe. Ukikuta gari la namba D lenye kilomita 78,000 kwenye mita, na karatasi ya Japani ilisoma 96,000 kabla halijapanda meli, mazungumzo yameishia hapo.

Tuje kwenye injini, maana hapo ndipo pesa inapozama. Familia ya NZ ni injini nzuri, na hiyo hiyo 1NZ-FE iko kwenye Probox na Succeed zinazobeba mizigo nchi nzima. Taimingi yake ni ya cheni, si mkanda. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia "nimetoka kubadilisha mkanda wa taimingi" ama hajui gari lake au anakupanga. Ugonjwa wa uzeeni wa injini hizi ni kula oili: ringi za pistoni zinazochuja oili hujaa masizi na kuganda, oili ikapita na kuungua pamoja na petroli. Haianzi kwa moshi mkubwa. Inaanza kwa mwenye gari kuongeza nusu lita kila wiki chache bila kumwambia mtu, na inaishia kwa kunoki siku aliyosahau.

Dawa ya mtaani ni oili nzito. Injini ilisanifiwa kwa oili nyepesi, 5W-30. Ikianza kula, fundi anashauri 20W-50, na kweli ulaji unapungua na kelele zinatulia, kwa muda. Muuzaji hufanya hivyo wiki ya kuuza. Ndiyo maana injini ya IST inakaguliwa ya baridi, asubuhi, kabla hajaiwasha mtu. Fundi anayejua kazi, kabla ya salamu kwisha, ameshaweka kiganja juu ya boneti.

"Kaka, umeshaiwasha hii?"

"Nimeipasha kidogo tu bosi, betri isilale."

Hapo fundi atasema mnarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi, na muuzaji mkweli hatakataa. Injini ya baridi ikiwashwa, sikiliza sekunde chache za mwanzo: mgongano wa vyuma unaopotea oili ikishapanda unaweza kuwa cheni iliyolegea. Iache inguruke taratibu dakika kumi, kisha mtu akanyage mafuta ghafla na wewe umesimama nyuma ya ekzosi. Wingu la bluu ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha kujazia oili utazame chini yake na tochi. Rangi ya chai nzito ni ya kawaida kwa gari la umri huu. Tope jeusi lililoganda ni historia ya mtu aliyebadilisha oili alipokumbuka.

Upande wa maji, kuna desturi ya gereji zetu ambayo imeua injini nyingi kuliko umri: gari likichemsha, themostati inatolewa na kutupwa, feni inaunganishwa moja kwa moja ili izunguke muda wote, na rejeta inajazwa maji ya bomba. Gari haliwaki tena taa nyekundu, na mwenye nalo anamshukuru fundi. Tatizo lililochemsha liko palepale, iwe rejeta iliyoziba au gasketi ya silinda hedi iliyoanza kupitisha. Washa swichi bila AC, injini ikiwa ya baridi. Feni ikianza kuzunguka hapo hapo, uliza kwa nini. Fungua rejeta, ikiwa ya baridi tu, uone rangi iliyomo. Kijani au nyekundu safi inatia moyo. Maji ya kahawia kama ya mto Msimbazi baada ya mvua yanasema kutu inakula kutoka ndani.

Gia zina jaribio moja la maana. Kanyaga breki, ingiza R, subiri; rudi N, ingiza D, subiri. Gari liingie ndani ya sekunde moja au zaidi kidogo, bila kishindo. Likichelewa kama mtu anayefikiria, au likikurusha, oili ya gia haijawahi kubadilishwa au imechanganywa na isiyohusika. Miguu ya chini haina siri: zungusha usukani hadi mwisho na uende polepole. Mlio wa "ta-ta-ta" ni ekseli za mbele, zile mafundi wanazoita CV. Kugongagonga kwenye matuta madogo ni linki za stabilaiza na bushi, vitu vya bei ndogo ambavyo kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani vimejaa. Usimkimbie muuzaji kwa sababu ya bushi. Punguza bei tu.

Washa swichi bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Taa zote za tahadhari lazima ziwake kwanza, ile ya injini, ya ABS, ya mifuko ya hewa, kisha zizime injini ikianza. Taa isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko inayowaka, maana inaelekea mtu ametoa balbu. Baada ya hapo ndipo mashine ya kupima ina faida. Muuzaji mjanja anaweza kuwa amefuta makosa yaliyohifadhiwa asubuhi hiyo hiyo, kwa hiyo ipime tena baada ya kuendesha kilomita ishirini au thelathini.

Kuhusu mifuko ya hewa niseme kidogo zaidi, maana ni jambo ambalo soko letu linalipuuza na ndilo linaloua. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko iliyotumia kilipuzi cha amonia naitreti, ambacho kikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huweza kulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Watu kadhaa wamekufa hivyo duniani, na Takata yenyewe ilifilisika 2017. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000, zikiwemo Toyota za aina nyingi, yaliitwa yarudishwe kubadilishiwa. Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar ni joto na unyevu mwaka mzima. Toyota ina ukurasa wa Kijapani ambamo unaingiza namba ya chasisi ukaona kama gari hilo limo kwenye orodha na kama lilikwishafanyiwa kazi. Ni bure, na hutumia muda mfupi kuliko kubishana bei.

Tangu Uber ilipoingia Dar mwaka 2016 na wenzake wakafuata, IST imekuwa gari la kazi. Sehemu kubwa ya zilizoko sokoni zimewahi kubeba abiria, na si aibu. Gari la biashara lililosimamiwa vizuri huenda gereji mara nyingi kuliko la nyumbani. Ila lijue kwa dalili zake: kiti cha dereva kilicholala upande wa mlango, raba ya pedali ya breki iliyolainika, alama ya kishikio cha simu kwenye dashibodi, na mlango wa nyuma wa kushoto uliolegea bawaba kuliko mingine yote. Ukiona haya na mita inasoma kilomita 90,000, amini mlango.

Dar ina ushahidi mwingine ambao miji mingi haina. Kwa kuogopa wezi wa vioo na taa, wenye magari huchonga namba ya usajili kwenye vioo vya pembeni, taa na madirisha. Zunguka gari lote ukisoma. Namba zikifanana, vizuri. Kioo kimoja chenye namba ya gari jingine, au sehemu iliyosagwa ikabaki na ukungu, kina maelezo yake: labda kiliibwa kikanunuliwa cha used, labda upande mzima ulibadilishwa baada ya ajali, labda gari lenyewe si la mtu anayekuuzia. Kisha tazama boliti za fenda chini ya boneti kama zimewahi kufunguliwa, na raba za milango kama zina matone ya rangi. Stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo cha mbele isikubabaishe. Kuna zilizobandikwa gari likiwa limesimama palepale.

Nyaraka hazina mengi ila hazina msamaha. Jina kwenye kadi liwe la mtu mwenye kitambulisho anayesimama mbele yako. Kama ni la mtu wa tatu nyuma, mwenyewe aje au usitoe senti. Kagua madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi wa trafiki, na bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Kadi za magari hukaa rehani kwa wakopeshaji, na anayetoa nakala tu akisema halisi "iko kwa shangazi Dodoma" huenda anazungumzia shangazi wa namna hiyo. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki TRA ufanyike wiki hiyo hiyo.

Je, ni gari la familia? Kwa watu wanne, ndiyo. Kwa baba, mama, watoto watatu na bibi anayekwenda kliniki, hapana; buti yake ni fupi, na siku ya kwenda Moshi Krismasi mtabeba mabegi mapajani. Raum ina milango ya nyuma ya kuteleza ambayo mzee au mjamzito ataishukuru, na haitafutwi na wezi kwa kiwango hicho. Spacio ina viti vya nyongeza. Runx na Allex zinatulia zaidi barabara kuu. Passo ya cc 1,000 inapona ile asilimia tano ya ukubwa wa injini, ila ni gari la mjini tu. Zote hizi huuzwa chini ya IST zenye hali sawa nazo, kwa sababu jina halijavuma. Kinachokufidia kwenye IST ni siku ya kuuza: utaiuza kwa wiki moja, wakati Raum inaweza kukaa na karatasi kwenye kioo miezi miwili.

Kenya swali hili lina sura nyingine. Kule gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia, kwa hiyo IST za toleo la kwanza ni zile tu zilizoingia zamani, na herufi za namba zinakaribiana na umri wa gari kweli. Mnunuzi wa Nairobi akisoma namba anasoma kitu. Wa Dar anasoma tarehe ya meli.

Ukishalipata, usilichukulie kama limekamilika. Tenga moja ya kumi ya bei, ikiwezekana zaidi, kwa miezi mitatu ya kwanza, na usiiguse kununulia rimu wala redio. Wiki ya kwanza badilisha oili ya injini na filta yake, oili ya gia kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kulanti, plagi, na urudishe themostati kama ilitolewa. Plagi na filta zinunuliwe kwenye duka unaloweza kurudi, maana bandia Kariakoo zimejaa na boksi zake zimechapwa vizuri kuliko halisi. Jaza tenki hadi mdomoni, tembea, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita: kwenye foleni na AC ikiwaka, 10 hadi 12 kwa lita ni afya. Na kila unapojaza mafuta mwezi huo wa kwanza, vuta kijiti cha oili. Kikishuka mara mbili mfululizo, anza kuulizia injini ya used kutoka Japani mapema, ungali na muda wa kuchagua.